Tenki la 90x40x45 linabeba samaki wangapi? Muuzaji kasema 60, jirani kasema 8

#1 Mwana Tabata
Wakuu poleni na mihangaiko. Nina tenki la samaki wa mapambo, urefu sm 90, upana 40, kimo 45, kanichongea fundi wa vioo, lina wiki ya pili sebuleni. Aliyeniuzia samaki kaniambia hata 60 wanakaa freshi tu bora pampu ya hewa iwe inawaka. Jirani yangu ambaye na yeye anafuga kaja kuangalia, katikisa kichwa, kasema mwisho 8. Yani toka 60 mpaka 8! Sa hivi nina goldifishi 12 wadogo kama kidole gumba, gapi 9, na yule mweusi anayelamba kioo mmoja. Goldifishi walikuwa 16, samaki wote niliwaweka siku moja, wanne wametangulia mbele za haki ndani ya siku 6. Maji masafi kabisa, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Naomba formula inayoeleweka.

#2 kimbelembele
Goldifishi 16 siku moja? Ulikuwa unafungua shule?

#3 Hesabu Kali
Formula ipo na ni rahisi. Inchi moja ya samaki kwa galoni moja ya maji. 90 x 40 x 45 gawa kwa 1000 unapata lita 162. Galoni ni lita 3.785, kwa hiyo una galoni 42 na ushee, una nafasi ya inchi 42. Goldifishi 12 wa inchi 2 ni 24, gapi 9 wa inchi moja na nusu ni 13.5, mlamba kioo weka 3. Jumla 40.5. Upo ndani ya mstari mkuu, tafuta sababu nyingine ya vifo.

#4 Bwana Dumu
Galoni ipi hiyo bosi? Mi mtaani kwetu ukisema lete galoni mtu anakuja na dumu la lita 20. Tenki lake ni madumu 8, inchi 8. Jirani kashinda.

#5 Hesabu Kali
Hahaha Dumu acha fujo, galoni ya Marekani. Ya Uingereza ni lita 4.546 ila hii kanuni watu wengi wanaifanya kwa ya Marekani.

#6 Fundi Vioo Buguruni
Hesabu Kali umepigia vipimo vya nje. Tenki la hivyo mara nyingi ni kioo cha milimita 6, kwa hiyo ndani una 88.8 kwa 38.8. Halafu hakuna anayejaza mpaka mdomoni, unaacha sm 5 juu, chini umemwaga kokoto sm 5 nyingine. Kimo cha maji kinabaki 35. Piga hapo, ni lita 120. Toa mawe na yale mapambo ya ngome, una lita 110 hivi. Lita 162 ipo kwenye karatasi tu.

Mleta uzi kingine, umeliweka juu ya nini? Maji peke yake kilo 110, kioo kama 23, kokoto si chini ya 25. Usiniambie meza ya TV.

#7 Mwana Tabata
Meza ya TV 😭

#8 Fundi Vioo Buguruni
Ile ya mbao za kubandika? Toa leo. Ile mbao ikinywa maji inavimba upande mmoja, tenki linakaa mshazari, silikoni inaachia kwenye kona. Utaamka sebule ni bwawa na mjadala wa samaki wangapi utakuwa umeisha wenyewe.

#9 Mzee wa Mbuna
Hiyo kanuni ya inchi watu wanaibeba kama msahafu na ndo inaua samaki. Mtu anapima urefu, samaki hali kwa urefu, anakula na kunya kwa mwili wake wote. Chukua neoni wa sm 3, ukimrefusha mara kumi umepata osca wa sm 30. Kwa inchi utasema osca mmoja sawa na neoni kumi. Lakini huyo osca kanenepa na kapanuka mara kumi vilevile, uzito wake unakaribia wa neoni elfu. Weka osca mmoja kwenye tenki la neoni kumi uone maji.

Pili unapima samaki atakavyokuwa, hupimi alivyo dukani. Goldifishi wako wa kidole gumba anafika sm 20 na kuendelea akitunzwa, na anaishi miaka zaidi ya kumi. Huyo mlamba kioo ndo usiseme, wengi wanaouzwa ni pleko wa kawaida, anapita sm 40 na tenki lako upana ni 40. Siku moja atashindwa kugeuka.

#10 kimbelembele
Mbona binamu yangu ana goldifishi kwenye bakuli miaka mitatu na yupo vilevile mdogo? Si samaki anakua kulingana na chombo?

#11 Mzee wa Mbuna
Huyo amevia, ni kama mahindi yaliyopandwa kwenye kopo. Maji machafu yamemdumaza, na atakufa mapema.

#12 dogo_sponji
Mnapigana na inchi wakati kesi ya mleta uzi iko wazi kabisa. Tenki jipya la wiki mbili, samaki 26 kwa mpigo, wameanza kudondoka. Hiyo ni amonia. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu na kwenye kinyesi, bakteria ndo wanaibadilisha kuwa naitraiti ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza naitreti ambayo ina afadhali. Hao bakteria hawaji na maji ya bomba, wanachukua wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye filta. Amonia haina rangi, maji yanakuwa kama kioo na samaki wanaungua mashavu.

Una filta gani?

#13 Mwana Tabata
Asanteni sana wakuu. Filta sina, nina ile pampu ya mapovu na jiwe lake. Muuzaji alisema inatosha.

#14 dogo_sponji
Basi jibu la leo ni samaki sifuri mkuu. Jiwe la mapovu haliozeshi wala halisafishi kitu, linatikisa maji. Chukua filta ya sponji, pampu yako hiyohiyo unaiunga. Pia chakula punguza, mara moja kwa siku kiasi cha kuisha dakika mbili.

#15 Mwanakwerekwe
Hao gapi 9 kuna majike?

#16 Baridi ya Njombe
Mimi nipo Njombe nina goldifishi 6 kwenye lita 200, wa zamani kati yao ana miaka 7, sijawahi kupoteza hata mmoja kwa sababu ya kubanana. Tatizo lenu watu wa Dar ni joto. Tenki la sebuleni Tabata mwezi wa kwanza maji yanagonga 30. Maji ya nyuzi 30 yanashika oksijeni milligramu 7.6 kwa lita, yangu ya nyuzi 15 yanashika 10. Goldifishi ni samaki wa baridi, kumfuga Dar ni kama kumvalisha mtu koti la sufu Kariakoo mchana. Kanuni yoyote mnayopiga lazima mseme ya wapi.

#17 Hesabu Kali
Baridi hapo kwenye 10 nakukatalia kidogo. Hizo namba ni za usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2000 juu, hewa nyepesi, unapoteza kama moja ya tano ya hiyo oksijeni. Kwa hiyo una 8 kasoro, Dar ana 7.6. Mmelingana tu.

#18 Baridi ya Njombe
Aisee hilo sikuwahi kulifikiria, nakubali. Ila bado samaki wa kwenye baridi mwili wake unaenda taratibu, anakula kidogo, oksijeni anatumia kidogo. Wa Dar moyo unapiga kama anakimbizwa. Kwa hiyo mfuko ni uleule lakini matumizi yenu makubwa.

#19 Bwana Dumu
Kumbe hata samaki maisha ya Dar ni ghali.

#20 Mfugaji Bwawani
Nimesoma ufugaji wa samaki pale SUA Morogoro na nina mabwawa, ngoja niwasaidie. Bwawa la kawaida lisilo na mashine tunapanda vifaranga vya sato 3 mpaka 5 kwa mita ya mraba. Tenki la ndugu yetu ni 0.36 ya mita ya mraba. Hapo ni sato mmoja, wawili ukijitutumua. Ila ukifuga kambale unaweza kujaza mpaka wanagusana, kambale anapanda juu anavuta hewa ya kawaida.

#21 kimbelembele
Mimi nasema hapa ni mafuta ya kula tu.

#22 Mzee wa Mbuna
Mfugaji, heshima kwako, lakini bwawa lina udongo, lina mwani, lina jua, na sato wako unamtaka gramu 400 umpeleke sokoni. Hesabu hiyo haihamishiki sebuleni.

#23 Mfugaji Bwawani
Haihamishiki yote, ila kuna kitu ndani yake. Bwawa tunalipima kwa mita ya mraba kwa sababu hewa inaingia kwa juu. Hata kwenye tenki wazee wa zamani walikuwa wanapima uso wa maji, sm 30 za mraba kwa kila sentimita ya samaki wa joto, goldifishi wanamwekea 75 hivi. Uso wake ni 88.8 kwa 38.8, kama 3445. Gawa kwa 75 unapata sm 46 za goldifishi. Goldifishi wawili wakubwa. Wakiwa gapi peke yao unagawa kwa 30, unapata sm 115, ni gapi kama 25. Na hiyo ni bila pampu kabisa. Ndo maana tenki refu kwenda juu ni la urembo tu, lina lita nyingi lakini dirisha dogo.

#24 dogo_sponji
Hiyo ya uso wa maji ilikuwa na maana kabla ya pampu. Sa hivi hewa unainunua, kinachobana ni uchafu.

#25 Bi Mkubwa Kisauni
Hewa unainunua mpaka stima zipotee, mwanangu. Salamu kutoka Mombasa. Mie nina tenki la lita 150 nilikuwa nimejaza samaki 40 kwa maneno kama hayo yako, filta mbili, pampu mbili, raha mustarehe mwaka mzima. Siku moja stima zikapotea saa tatu usiku, joto la mwezi wa tatu. Saa nne hivi namulika tochi naona wote wako juu, midomo nje, wanagugumia kama watu waliokosa maji ya kunywa. Nikachukua kikombe cha bati, nachota maji namimina kutoka juu, nachota namimina, ili yapige yapate hewa. Mkono wa kulia ukichoka nahamia wa kushoto. Mume wangu alikuja kuangalia akanambia wallahi hata mie nikiugua hukeshi hivi. Stima zikarudi saa nane. Nilipoteza 11, wakubwa wote, wadogo ndo waliosalia.

Tangu siku hiyo mie napima tenki kwa usiku wa giza. Samaki wangapi watafika asubuhi bila mashine, hao ndo wangu. Sasa nina 17 na sikeshi.

#26 Baridi ya Njombe
Bi Mkubwa pole aisee. Wakubwa ndo hutangulia kwenye kukosa hewa, nimewahi kuona hivyo hivyo bwawani kwa mjomba.

#27 dogo_sponji
Nakubali hapo nimepigwa. Ila kuna vipampu vya betri, na vingine vinakula chaji ya power bank. Na ongezea hii, umeme ukikata masaa mengi bakteria wa kwenye filta ile ya boksi lililofungwa wanakufa kwa kukosa hewa, umeme ukirudi filta inakutapikia uoza wote ndani ya tenki. Unaona samaki walipona giza halafu wanakufa kesho yake.

#28 Ujiji Asili
Nyote mnapima maji, hakuna aliyepima samaki wenyewe wana tabia gani. Mi nimekulia Kigoma, hawa samaki wa Ziwa Tanganyika nawajua toka tunawatoa kwa mikono kwenye mawe. Kuna wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, mtu mzima sm 4 hivi. Hao lita 60 unaweka kundi la 15 wanazaliana wanajenga mtaa wao. Chukua jamii nyingine ya brichadi, dume na jike mmoja tu kwenye lita 110 hiyo, wakitaga tenki zima ni lao, wengine wote utawakuta wamejibana kwenye kona ya juu mapezi yamechanika. Samaki wawili na tenki limejaa!

Halafu kuna trofiasi. Ukiweka watatu kwa kuogopa kujaza, mwezi mmoja unabaki na mmoja, mbabe. Ukiweka 20 wanaishi maana mbabe hajui ampige nani. Kupunguza samaki ndo kunaua hapo.

#29 Mzee wa Mbuna
Ujiji kanimaliza. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni hivyohivyo, nina 28 kwenye lita 300, kwa inchi ni dhambi kubwa, lakini nilipokuwa na 9 kila wiki nazika. Ila nina filta mbili kubwa na kila Jumapili natoa nusu ya maji.

#30 Hesabu Kali
Sawa, lakini maji ya maziwa hayo yana alkali nyingi, Tanganyika pH (kipimo cha asidi na alkali) inafika 9. Amonia ileile kwenye pH 7 haifiki asilimia 1 inayokuwa sumu kamili, pH 8 ni kama asilimia 5, pH 9 inapita theluthi. Mwenye kujaza samaki kwenye pH 9 hana nafasi ya kukosea hata siku moja. Mleta uzi maji yako ya wapi?

#31 Mwana Tabata
Kisima. Yana kachumvi kidogo.

#32 Ndoo Mbili
Wakuu mimi nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja ndoo. Nipo Kinyerezi, maji yanatoka siku yanayojisikia. Kila wiki unatakiwa utoe robo mpaka theluthi ya maji. Lita 110, theluthi ni kama 36, ni ndoo mbili za lita 20. Kama ni ya bomba uyalaze kwanza siku nzima dawa iruke. Ukiongeza samaki mara mbili, ni ndoo nne, au ndoo mbili mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi ni moja, uko tayari kubeba ndoo ngapi kila Jumamosi, ukiwa na mafua, ukiwa na wageni, ukiwa na mechi? Mimi jibu langu ni mbili, ndo maana nina gapi na vile vidogo vyekundu jumla 20 na goldifishi sina.

#33 kimbelembele
Mechi ya Simba na Yanga inapunguza samaki wangapi?

#34 Ndoo Mbili
Wawili. Na Yanga ikifungwa mmoja zaidi, maana Jumapili yake sinyanyuki.

#35 Mtani wa Jadi
Naona kuna mtu kaamua kutuchokoza kwenye uzi wa samaki. Tuheshimiane.

#36 Mama Watoto Wawili
Naongezea la kwangu maana bado linaniuma. Nilikuwa na samaki 22, tenki la mwaka na nusu, hesabu zenu zote lilikuwa linafaulu. Nimesafiri siku nne, dada wa nyumbani kwa mapenzi yake tu kaona ile sponji ya filta nyeusi imejaa ukoko, kaitoa, kaifua kwa sabuni ya unga, kasuuza bombani mpaka imekuwa ya njano kama mpya, kaianika juani, jioni kairudisha. Narudi nakuta wawili. Anasema "dada mimi nilisafisha vizuri". Nilishindwa hata kumgombeza. Sponji inasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya tenki lenyewe, unaikamua kidogo unairudisha, basi.

#37 dogo_sponji
Duh. Lile tenki la samaki 22 usiku mmoja lilishuka likawa la samaki wawili, na kioo hakijapungua hata sentimita. Ndo ninachosema toka juu.

#38 Mzee wa Mbuna
Ungesema toka juu usingemwambia sifuri bila kueleza 😂 Ila ni kweli.

#39 Mwanakwerekwe
Kuna samaki wetu wa Unguja mnamsahau, nothobrankiasi guentheri, anapatikana Zanzibar tu porini. Anaishi kwenye vidimbwi vya mvua, kidimbwi kikikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yanasubiri mvua. Dume ana mkia mwekundu. Dimbwi kama beseni unakuta wapo wengi na maji kama chai ya maziwa. Huwa najiuliza yeye anafuata kanuni ya nani.

Halafu swali langu la gapi majike halijajibiwa.

#40 Ujiji Asili
Yeye hana mpango wa kuishi miaka kumi ndo maana. Anamaliza shughuli zake kwa miezi.

#41 Fundi Vioo Buguruni
Mleta uzi umetoa kwenye meza ya TV?

#42 Mwana Tabata
Narudi na mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita samahani kwa kimya. Meza nimechomelewa ya chuma, Fundi asante. Nilinunua vile vimajimaji vya kupimia, siku ya kwanza amonia ilisoma 4, pH 8, jamaa aliyenipimia akaniuliza kama kuna samaki kweli humo. Nimefunga filta ya sponji, jamaa yangu mwenye tenki la zamani kanipa kipande cha sponji yake chafu nimekibana juu ya yangu. Goldifishi walikufa wengine wawili, kumi nimempelekea mtu mwenye bwawa la bustani Arusha kwenye baridi, wamesafiri usiku kwenye mfuko wa oksijeni wamefika wote. Mlamba kioo bado namtafutia mtu. Natoa ndoo mbili Jumamosi, moja Jumatano. Amonia jana 0.25.

Kwa hiyo nilibaki na gapi 9 na pleko, nikasema sasa nimetulia, jirani yangu wa 8 atafurahi. Leo asubuhi nawasha taa naona vitu kama vipande vya pilipili manga vinakimbia chini ya mmea. Nimehesabu mara tatu, nimefika 34 nikapoteza hesabu.

#43 Mwanakwerekwe
NILIULIZA MARA MBILI.

#44 Mzee wa Mbuna
Jike mmoja tu anazaa kila baada ya wiki nne hivi, na hata ukitoa madume yote leo anaendelea miezi kwa mbegu aliyoitunza. Karibu kwenye ukoo.

#45 kimbelembele
Muuzaji mumuombe radhi. Ile 60 alikuwa amehesabu na wajukuu.

#46 Hesabu Kali
Vitoto vya nusu sentimita 34 ni sm 17, kwa inchi ni...

#47 dogo_sponji
Hesabu pumzika.

#48 Ndoo Mbili
Mleta uzi mimi nachukua kumi wakifika mwezi, nipo Kinyerezi hapo jirani. Nitakuja na galoni.

#49 Bwana Dumu
Ipi?